Lenzi ya 600mm, kamera ya zumu kubwa au darubini: kipi kinafaa kwa picha za mwezi hapa Tanga?

Binti_Chumbageni

Assalaam alaykum na habari za jioni wote.

Tangu ile Jumapili ya 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote, sijatulia. Nilikuwa ufukweni Raskazone na mdogo wangu, mkononi kamera ya APS-C (yenye kihisi kidogo kuliko cha fremu kamili) na lenzi ya 70-300. Toka saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne mwezi ulikuwa mwekundu kama kaa. Nilirudi nyumbani na picha ambazo ukizikuza huoni kitu zaidi ya tone la rangi katikati ya weusi.

Mwaka mzima nimeweka akiba, na sasa pesa inatosha kitu kimoja. Nimepata mtu anayeuza lenzi ya 150-600 iliyotumika. Kuna kamera za zumu kubwa, Nikon P900 na P1000, ambazo kila mtu ananisifia. Halafu kuna darubini, ama Maksutov (bomba fupi la lenzi na vioo) ya kipenyo cha milimita 127 ama Dobson (bomba refu la vioo juu ya kitako) ya milimita 150. Hamu yangu kubwa ni kasoko za mwezi na vivuli vyake. Lakini mimi ni mtoto wa pwani, mwezi unapochomoza baharini na chombo kikipita mbele yake pia naupenda sana. Aliyetumia kimojawapo anieleze, tafadhali.

Mwalimu_Muheza

Dada, anza na hesabu moja ndogo. Chukua urefu wa fokasi, ile 300 au 600 ya lenzi, ugawe kwa 110. Jibu ndio upana wa mwezi kwenye kihisi cha kamera, kwa milimita. Lenzi yako ya 300 inakupa milimita 2.7, na kihisi chako kina kimo cha milimita 15 hivi. Hilo ndilo tone uliloliona. Ukienda 600 unapata 5.5. Maksutov ya 127 ina fokasi ya 1500, kwa hiyo mwezi unakuwa 13.6, unajaa fremu yako karibu yote na haukatwi.

Ila ukubwa wa picha ni jambo moja na ukali wake ni jambo jingine. Ukali unaanzia kwenye kipenyo cha kioo kinachopokea nuru. Hapa ndipo wengi wanapotea, maana wanasoma "mara 125" kwenye boksi wakadhani wamemaliza. P1000 imeandikwa 3000mm, lakini hicho ni kipimo cha kulinganisha na kamera ya fremu kamili. Fokasi yake halisi ni 539 kwa f/8; gawa 539 kwa 8, unapata kipenyo cha milimita 67. P900 ni 357 kwa f/6.5, kipenyo 55. Ile 150-600 kwa f/6.3 ina 95. Darubini zako ni 127 na 150.

Sasa tafsiri hizo namba ziwe mwezi. Hewa ikiwa tulivu kabisa, kipenyo cha 67 kinaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kama kilomita 3.2 juu ya uso wa mwezi. Cha 95 kinafika kilomita 2.3, cha 127 kilomita 1.7, cha 150 kilomita 1.4. Kwa anayetaka kasoko, mimi sioni mjadala mrefu: darubini.

Picha_Ngamiani

Sikatai hesabu za mwalimu. Lakini P900 ninayo miaka saba na nimepiga nayo mwezi mara nyingi kuliko mwenye darubini yeyote ninayemjua, kwa sababu inakaa begani. Natoka kazini, naona anga limetakata, nasimama, naegemeza kwenye ukuta, napiga. Kasoko kubwa kama Tycho na Copernicus zinaonekana bila shida. Darubini ni lazima uamue mapema, ubebe, utafute mahali, upange.

Udhaifu wake nausema pia: P900 haitoi faili za RAW, yaani picha ghafi, kwa hiyo ukitaka kusafisha picha baadaye unakuta kamera imeshalainisha kila kitu. P1000 inatoa. Na kwa P1000, zumu ikifika mwisho mwezi mpevu unazidi kidogo kimo cha fremu, hivyo rudisha zumu nyuma kidogo.

Nahodha_wa_Pangani

Mwanangu, hayo ya kasoko nawaachia walimu. Mimi nasema juu ya chombo na mwezi, maana umesema unapenda.

Ile 110 ya mwalimu inafanya kazi na huku. Kitu kikiwa mbali nawe mara 110 ya urefu wake, kinalingana na upana wa mwezi. Mashua ya mita 8 iwe mita 880 kutoka kwako, itaenea sawasawa ndani ya mwezi. Ikiwa mita 200 tu itauziba, utapata mbao tupu. Watu wanasogea karibu na chombo ili kionekane kikubwa, mwezi unakuwa punje. Kaa mbali, tumia lenzi ndefu. Kwa kazi hiyo chukua 150-600, kwani darubini ya 1500 inaonyesha mwezi peke yake, tanga na mlingoti havina pa kuingia.

Usiku wa kumi na nne mwezi unatoka jua likizama, na kiza cha huku hakingoji, chombo kinakuwa kivuli cheusi. Njoo usiku mmoja kabla. Mwezi unachomoza jua bado halijazama, unapata rangi ya tanga na rangi ya maji. Siku hizo ni za bamvua: maji hujaa kama saa kumi alasiri, kwa hiyo mwezi ukitoka yanakupwa na mchanga ni laini, miguu ya stendi inadidimia taratibu bila wewe kujua. Weka vibao chini yake. Na usitegemee zile taa za wavuvi wa dagaa, kwani mbalamwezi ikiwaka hawatoki, wanangoja kiza. Utapata wa mishipi na vyombo vya safari.

Kijana_Kange

Naomba kuuliza, taa za mjini hazitaharibu? Au ni lazima mtu apande Lushoto?

Bi_Sahare

Hazina neno, mwanangu. Taa zinafifisha nyota na vilimia, lakini mwezi wenyewe ni jiwe lililopigwa na jua. Utaupiga katikati ya Barabara ya Kwanza ukitaka. Kinachoharibu ni joto, na hilo nimejifunza kwa kupoteza miezi miwili.

Nina Dobson ya 150, mwaka wa nne sasa. Mwanzoni nilikuwa naiweka juu ya paa la zege, nikiamini juu ndiko kuzuri. Mwezi ulikuwa unatetemeka kana kwamba uko chini ya maji. Nikasafisha kioo, nikarekebisha vioo, nikakata tamaa. Kumbe zege linashika jua mchana kutwa na kulitoa usiku, na mimi nilikuwa natazama kupitia mvuke wake. Siku nilipoiteremsha kwenye nyasi za nyuma ya nyumba, mtikisiko ulipungua zaidi ya nusu. Mabati ya jirani nayo hivyo hivyo, usilenge mwezi ukiwa umekaa juu yake. Upepo wa baharini ukiwa mwepesi na laini, hizo ndizo nyakati zangu bora.

Dada Binti, kabla hujalipia Dobson jua jambo moja ambalo muuzaji wangu hakuniambia. Ukifunga kamera moja kwa moja, darubini nyingi za aina hii hazifiki fokasi: kamera inahitaji kusogea ndani zaidi ya pale bomba linaporuhusu. Nilihangaika wiki nzima. Dawa ni lenzi ya Barlow, inayorefusha fokasi mara mbili, lakini fokasi ya Dobson yangu ni 1200, mara mbili yake ni 2400, na hapo mwezi mzima hauenei kwenye fremu yako, unapiga vipande na kuviunga. Vinginevyo unafunga simu kwenye lenzi ya jicho. Kwa ya milimita 25 unapata ukuzaji wa mara 48, na picha za simu nilizopiga hivyo zinawashangaza watu. Angalia tu usiwashe zile hali za simu zinazojiongezea maelezo ya mwezi, utakuwa umepiga picha ya programu. Maksutov haina shida hiyo ya fokasi.

Tena, usipige picha moja moja. Piga video ya dakika moja au mbili, uiingize kwenye AutoStakkert, programu ya kompyuta ya bure. Inapanga fremu zote kwa ubora, unachukua asilimia kumi zilizo bora, inazilaza juu ya nyingine. Kisha unanoa picha kwa programu nyingine, RegiStax. Hewa inatulia kwa nukta chache tu, na video inazikamata.

Na jamani, kuvu! Lenzi yangu nzuri kuliko zote ililiwa na kuvu ndani ya kabati la nguo. Huku kwetu vifaa vikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na chembe za kunyonya unyevu za kutosha, si kile kipakiti kimoja cha kwenye viatu. Ukirudi kutoka ufukweni, puliza chumvi kwanza. Ukifuta kioo kikavu na pindo la kanga, unasugua mchanga. Na kama chumba chako kina kiyoyozi, toa kifaa kikiwa ndani ya begi lake, ukiache nusu saa nje kabla ya kufungua, la sivyo kioo kinatokwa jasho hapo hapo.

Mwalimu_Muheza

Bi Sahare amesema lililo kubwa. Naongeza jinsi tulivyojaliwa mahali. Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi ukifika kilele chake hauwi chini ya nyuzi 56, mwezi wowote, mwaka wowote. Mwezi mpevu wa Juni 2025 kule London ulipanda nyuzi 10 hivi tu, wakawa wanautazama kupitia hewa nene. Sisi hewa ni nyembamba juu ya vichwa vyetu. Taabu yake ni shingo, na lenzi za zumu zilizoelekezwa juu huteleza zenyewe. Funga mpira kwenye pete ya zumu.

Mwangaza: mwezi mpevu, f/11, kasi ya shata iwe moja kugawanya kwa ISO (wepesi wa kihisi kupokea nuru), yaani ISO 100 kwa sekunde 1/100. Lakini mwezi mpevu hauna vivuli, ni sahani. Chagua siku ya nane ya mwandamo. Kwa Maksutov ya f/11.8 anza na ISO 400, 1/100. Tumia taima ya sekunde mbili, zima kituliza mtikisiko, fokasi kwa mkono.

Ila nisikufiche: kwa kupatwa kwa mwezi, Maksutov ni giza. Inapokea chini ya robo ya nuru ya lenzi iliyo kwenye f/5.6, utahitaji sekunde kadhaa, na bila mota ya kuufuata mwezi picha inavutika. Hapo lenzi inashinda.

Binti_Chumbageni

Nimerudi. Jumamosi tulikutana kwenye nyasi za Bi Sahare, mwezi wa siku nane. Mwalimu alishuka na Maksutov yake ya 127, Picha_Ngamiani akaleta P900, na mwenye ile 150-600 akakubali tuijaribu. Ahsanteni kwa moyo wenu.

Tulilenga Rupes Recta, ule ukuta wa kilomita 110 unaoonekana kama mstari wa wino. Kwenye P900 mstari upo, ila kasoko ya Birt iliyo kando yake ni doa. Kwenye 600 Birt ni duara safi. Kwenye Maksutov niliona hata kitundu cha kilomita 7 kilichokaa ukingoni mwa Birt, na kivuli chake. Nilinyamaza. Mdogo wangu alinisukuma aone naye.

Nimechukua Maksutov. Nahodha, sijakusahau: nimepiga hesabu ya vyombo kwa 70-300 yangu, mwezi utakuwa mdogo lakini umbali nitaupanga ulivyonifundisha. Mwalimu ameniambia pia kuwa 31 Desemba 2028 mwezi utachomoza hapa kwetu tayari umeanza kupatwa, na kuanzia kama saa moja na robo usiku utakuwa mwekundu wote. Utokee baharini umemegwa, na tanga mbele yake! Akiba ya lenzi ya 600 imeanza upya leo.

Kilichobaki ni pete ya T ya kuunga kamera. Mwenye nayo hapa mjini aniambie.

Picha_Ngamiani

Ni ya kamera gani? Ninayo ya Canon, imekaa bure. Pita dukani.

Nahodha_wa_Pangani

Desemba hiyo upepo ni wa kaskazi. Nitakutafutia chombo, mwanangu, wewe nipe mahali utakaposimama.