Tupeane uzoefu: filamu gani ya tamasha la Nakuru imekataa kukutoka akilini?

Jirani wa Bondeni
Wadau, tamasha limeisha jana na mimi bado niko pale ukumbini. Naanza. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Jo ana miaka 9, anapenda filamu za mashujaa, na ugonjwa wake hauponi. Mama anamtoa hospitali, anamrudisha nyumbani. Dada yake Mwix anamshawishi kwamba ana nguvu za ajabu, kisha kijiji kizima kinaingia kwenye huo mpango hadi wanatengeneza filamu yake. Kuna katoto mbele yangu kalivua sweta kakalifunga shingoni kama joho, kakasimama juu ya kiti. Hakuna aliyekaambia kakae. Nyinyi je?

Nesi Langa Langa
Nilikuwa siku hiyo hiyo. Imetengenezwa vizuri, sikatai, lakini mimi nafanya kazi wodi ya watoto na nilikuwa upande wa mama yake Jo, ambaye mwanzoni hakuutaka huo mpango. Mtoto mgonjwa anajua. Ukimdanganya anakuona.

Jirani wa Bondeni
Hakudanganywa, dada. Jo mwenyewe alijua. Ndiyo maana inauma.

Nesi Langa Langa
Basi tutofautiane hapo.

Mkulima Njoro
Yangu ni Thank You for the Rain (2017). Kisilu Musya ni mkulima wa Kitui, alipewa kamera akaanza kurekodi boma lake mwenyewe: ukame, mafuriko, mke akilalamika kwamba bwana anahangaikia kijiji na nyumba yake inakaa. Halafu anafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015, yuko katikati ya wakubwa. Nilitamani kuingia kwenye skrini nimsaidie kuongea. Sisi huku tulipanda mahindi mara mbili msimu uliopita.

Omogusii wa Shabab
Mkulima, nakuunga mkono.
Mimi ni The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana yuko mjini, anasikia nyanya yake kule Kilifi ameitwa mchawi kwenye Facebook, anarudi kuuliza kulikoni. Unadhani ni uchawi, kumbe ukifuata nyuma unakuta shamba. Watu walikuwa wanasema "Wapwani hao". Jamani! Marani, Kisii, Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa kwa neno hilo hilo la "mchawi". Hayo si ya Pwani peke yake.

Binti Free Area
Mimi sikutaka kuandika lakini hapo kwa shamba umenigusa.

Nilimpeleka mama kuona Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge. Nilijua inahusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mama aliniambia twende. Sisi tulitoka upande wa Burnt Forest Januari 2008, tukakaa kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho, na tangu siku hiyo mama hajawahi kusema lolote zaidi ya "tulihama".

Kwenye filamu Anne ni nesi. Anatoka hospitali, mume ameuawa, mtoto amelazwa hajitambui, boma limechomwa, na bado anataka kurudi kujenga pale pale. Alipoingia kwenye ile nyumba, mama akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Na cherehani?" Watu wakamwambia shhh. Akarudia: "Cherehani yake iko wapi?" Anne hana cherehani. Mama ndiye alikuwa fundi wa nguo.

Nikamshika mkono tukatoka. Pale kwenye ngazi ndipo akaanza. Kwamba aliyeibeba ile cherehani alikuwa kijana wa jirani, mama ndiye aliyemshonea sare alipoingia shule. Kwamba aliiweka begani polepole, akaangalia isigonge mlango, kisha wenzake wakawasha moto. Mama alikuwa amejificha kwenye mahindi na mimi mgongoni, amenifunga mdomo kwa leso. Haya yote nayasikia nikiwa mtu mzima, watu wanapita na popukoni.

Hajalala vizuri tangu hiyo siku. Nifanye nini?

Jirani wa Bondeni
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Lanet
Ndiyo maana nasema filamu kama hizo zisiwekwe hapa Nakuru. Tunaishi pamoja sasa. Mnatonesha vidonda vya nini?

Mama Kaptembwa
Mzee, kwa heshima, vilipona lini? Mama wa watu amenyamaza miaka yote hiyo ili wewe ukae raha?

Mzee wa Lanet
Mimi pia nilizika mtu, mama. Usinifundishe.

Mama Kaptembwa
Basi pole, mzee. Lakini bado ziwekwe.

Nesi Langa Langa
Binti, mtafutie mshauri nasaha, hospitali kubwa za serikali wapo. Na usimwulize maswali, mwache aje mwenyewe.

Omogusii wa Shabab
Mimi naona umwulize. Mrekodi kwa simu akikubali, hayo yakipotea yamepotea.

Fundi wa Pipeline
Mnunulie cherehani. Nasema kweli. Kuna za mitumba nzuri, nitakusaidia kuchagua.

Binti Free Area
Asanteni. Fundi, nakuandikia faragha.

Mwanafunzi Egerton
Poleni kwa kuingilia, ila hakuna aliyetaja Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu? Dakika 20 na kitu tu. Watu wanaishi ndani, nje hakuna maji, wanachuja hata jasho lao wanywe. Asha anapata mbegu, anatoka nayo jangwani. Lakini spika za ukumbi zilikuwa zinakwaruza hadi nusu ya maneno sikuyapata. Nani alikaa mbele anieleze kile kiti cha nyuma hakikusikia?

Mkulima Njoro
Nilikaa mbele. Hata sisi hatukusikia.