Nyumba za ghorofa katika mitaa ya Katuba: tukubali, na tudai nini kwanza?

Mama wa Katuba aliuliza:

Ndugu wapendwa wa Lubumbashi, salamu kwenu. Viongozi wa mtaa wetu wametuita kujadili wazo ambalo wanataka kulipeleka mbele ya komine, yaani serikali ya sehemu yetu ya mji: paseli (viwanja vya kujenga) zilizo kando ya barabara kubwa ziruhusiwe kujengwa nyumba za ghorofa mbili au tatu zitakazokaliwa na jamaa (familia) kadhaa, badala ya nyumba moja ya chini kama ilivyozoeleka. Wenye paseli wengine wanafurahi kwa kuwa watapata wapangaji, na wengine wanasema huu ndio mwanzo wa kufukuzwa. Paseli yetu ni ya urithi, mita 15 kwa 25, na tayari tunaishi humo jamaa tatu, kwa sababu wadogo zangu wawili walijenga vyumba vyao nyuma ya nyumba ya wazazi. Naomba wanaofahamu sheria na ujenzi wanieleze tunachopaswa kudai kabla hatujasema ndiyo.

Msomaji wa sheria, Kamalondo:

Mama, heshima yako. Nianze na hofu ya kufukuzwa, kwa maana ndiyo inayowazuia watu kusikiliza mengine. Kubadilisha kanuni za ujenzi si kumnyang'anya mtu kiwanja. Ni kweli kwamba kifungu cha 53 cha sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 kinasema ardhi ni mali ya Serikali, na sisi raia hupewa haki ya kuitumia. Lakini haki hiyo ikiisha kuandikwa katika hati ya usajili, mkutano wa mtaa hauwezi kuifuta. Ikiwa Serikali itataka kipande cha paseli yako ili kupanua barabara, kuna sheria ya tarehe 22 Februari 1977 inayoeleza njia ya kufuata, na kifungu cha 34 cha Katiba kinadai fidia ya haki ilipwe kabla ya kuchukua.

Hatari ninayoiona mimi iko ndani ya jamaa zetu wenyewe. Hati yenu imeandikwa jina la nani? Kama bado inabeba jina la marehemu baba, basi siku ruhusa ya ghorofa itakapotoka na bei ya viwanja kupanda, mwenye fedha atamtafuta yule mmoja kati yenu mwenye shida ya haraka, atamlipa, kisha atakimbilia kuandikisha paseli yote kwa jina lake. Kifungu cha 219 cha sheria ile ile ya 1973 kinatambua hati ya usajili peke yake kuwa uthibitisho wa haki ya kutumia kiwanja, na hati mpya ikishapita miaka 2 bila kupingwa, kuivunja mahakamani ni vigumu mno. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa mtaa haitawaokoa. Nawasihi muende ninyi watatu pamoja kwa msajili wa hati za ardhi, mrithi yeyote asiachwe nyuma, na mfanye hivyo kabla ya mkutano kuamua lolote.

Fundi wa Kampemba:

Yaya (dada yangu mkubwa), msomaji amesema vizuri, lakini karatasi hazinywewi. Mimi hujenga, na kuta za ghorofa mbili hazinisumbui; kinachonisumbua ni choo na kisima. Mashirika ya misaada hufuata kanuni za Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, zinazotaka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji ya kunywa yanayotoka ardhini. Sasa chukua kamba, uivute katika paseli yako kutoka pembe moja ya mbele hadi pembe ya nyuma iliyo mkabala, kwa mshazari: utapata mita 29 na kitu kidogo. Maana yake ni kwamba hata leo, mkiwa jamaa tatu, hakuna mahali ndani ya ukuta wenu ambapo kisima na choo vinaweza kukaa pamoja kwa usalama, na hapo sijahesabu choo cha jirani kilichojengwa kwenye mpaka. Ongeza jamaa sita juu ya shimo lile lile, kisha ungoje mvua za Januari.

Kwa hiyo nakubali ghorofa, tena nazipenda kuliko huku kukata paseli vipande vipande kunakofanyika kila siku bila ruhusa ya mtu. Vyumba vya nyuma vimemeza ua na njia ya maji ya mvua. Ghorofa ingerudisha nafasi ya wazi chini. Lakini bomba la maji na mtaro uliojengwa kwa mawe vitangulie.

Mpangaji wa Annexe:

Naona wote mnaoandika ni wenye paseli, basi niseme kwa ajili yetu tusio nazo. Mji huu ulianza mwaka 1910, na katika miaka yake ya mwanzo wakoloni waliacha eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, na tangu hapo maskini husogezwa mbali na kazi. Mimi hupanda magari mawili asubuhi. Chumba Katuba kingenifaa sana, lakini wengi huomba garanti (fedha za dhamana) ya kodi ya miezi 6, ingawa sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema isizidi miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Komine ikitoa ruhusa ya ghorofa, iwabane wenye nyumba kwa sharti hilo.

Mama wa Katuba:

Asanteni sana. Wadogo zangu wamekubali twende kuandikisha hati. Fundi, mtaro huo ulipiwe na nani, komine au mwenye kujenga?

Fundi wa Kampemba:

Mtaro wa barabara ni kazi ya komine, Yaya, nanyi mwombe uandikwe katika uamuzi wenyewe pamoja na tarehe ya kuanza. Shimo la choo la ndani ya paseli, lililojengwa kwa saruji, ni la mwenye kujenga, na lichimbwe na kukaguliwa kabla hajainua ukuta wa kwanza, kwa maana nyumba ikisha kusimama, gari la kunyonya uchafu halina tena mahali pa kupita.