Naomba ushauri: mistari ya miguuni punda huirithi kwa nani?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Langoni, Lamu, na tangu mwaka jana naandika daftarini habari za punda wa mtaani. Ule msalaba mweusi wa mgongoni na mabegani haunisumbui, wengi wanao. Kinachonikosesha usingizi ni mistari ya miguuni, kama ya pundamilia. Mwanasayansi Charles Darwin aliitaja mwaka 1859, akaamini huonekana wazi zaidi kwa punda wachanga.

Sasa jike wa jirani hana hata mmoja, lakini mwanawe kazaliwa na mistari minne kila mguu wa mbele! Baba hajulikani. Punda wetu wakishashusha mchanga huachwa wazurure, na mimba yao huchukua kama mwaka mzima, nani atakumbuka dume gani alipanda?

Nina rafiki kule kijiji cha Shela anayefuga punda sita. Nataka aniangalizie nani kampanda nani, na kama mtoto wa punda mkaidi huwa mkaidi hata akilelewa mbali na mamake. Ila ana shughuli zake, na nikimpelekea daftari ataniona nimerukwa na akili. Nimwombe vipi? Picha za simu zitatosha? Mliofuga punda, nisaidieni.