Mjadala: Fundi wa kike aondolewe zamu za usiku minarani?

Wakuu na dada zangu wa Nyanda za Juu Kusini, mnaostahili shikamoo nawaamkia. Naleta hoja iliyotugawa mafundi wa mawasiliano huku Mbeya. Kampuni moja ya ukandarasi imetoa ratiba mpya: fundi wa kike hatoki kwenda saiti, yaani kwenye minara ya simu, baada ya saa mbili usiku. Sababu eti usalama. Wapo dada zangu walioshukuru. Mimi, fundi wa kike pia, napinga.

Kazi hii jina linapatikana usiku. Umeme ukikatika Rungwe na mvua zile, betri za mnara zinabeba saa chache tu. Jenereta ikigoma, mnara unazima na watu hawawezi hata kutumiana hela. Anayeamshwa saa nane usiku, akafungua kabati na kukuta rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme ili uchaji betri) imeungua, huyo ndiye bosi anamjua. Sisi tunabaki ofisini kujaza ripoti. Ikitangazwa nafasi ya usimamizi, swali la kwanza: nani ana uzoefu wa saiti?

Wengine wanasingizia sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Inakataza mjamzito kupangiwa usiku miezi 2 kabla ya kujifungua, na mama miezi 2 baada ya kujifungua. Sawa kabisa. Lakini haijasema kila mwanamke. Tena inamtaka mwajiri aongeze asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, kwa hiyo ratiba hii imenikata na hela. Hilo kwenye tangazo hawakuliandika.

Naomba kuwasilisha.

*Mzee wa Saiti, Tukuyu:* Binti, nakuheshimu, ila wezi wa dizeli wanakuja na mapanga. Nina mtoto wa kike, simruhusu. Hata mimi ningepewa ruhusa ya kutokwenda usiku ningeipokea kwa mikono miwili. Halafu cheo si lazima kipitie mnarani. ITU, shirika la mawasiliano la dunia, lipo tangu 1865, na mwaka 2023 Doreen Bogdan-Martin akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza. Alipanda mnara gani?

*Mleta mada:* Mzee wangu, huyo yuko Geneva. Huku kwetu msimamizi anatoka saiti, wewe mwenyewe shahidi. Na kama panga unaliogopa hata wewe, mbona ratiba imenitoa mimi peke yangu?

*Dada wa Faiba, Mafinga:* Mimi naunga faiba, nyuzi za kioo zinazobeba simu na intaneti. Greda likikata mkongo, waya wenye nyuzi hizo, hakuna cha usiku wala mchana. Unaingia shimoni na taa kichwani, unatenganisha nyuzi kwa rangi, bluu, chungwa, kijani, kahawia, kila mmoja mwembamba kama unywele, na baridi ya Julai imeshakausha vidole. Hapo misuli haisaidii kitu. Mimi sijaomba kuondolewa usiku. Naomba mkanda wa usalama unaonikaa, maana nilionao nimekaza mpaka tundu la mwisho na bado unacheza begani. Na choo! Wanaume wanageukia ukutani, maisha yanaendelea. Sisi tunaacha kunywa maji tangu mchana. Hayo kwenye vikao hayasemwi, wanaona aibu.

*Mkandarasi, Uyole:* Mnaongea kirahisi. Wenye minara wametuachia sisi matengenezo. Nina pikapu moja. Mnara ukizima kupita muda wa mkataba, nakatwa malipo. Mwanaume namtuma peke yake. Mwanamke mtataka aende na mwenzake. Huyo wa pili nani anamlipa? Sichukii wanawake jamani, napiga hesabu.

*Mleta mada:* Afadhali wewe umesema ukweli, kuliko waliotuandikia "usalama". Ila angalia unachokiita kawaida: mtu mmoja, usiku, juu ya mnara wenye utelezi. Akianguka atampigia nani simu, na mnara wenyewe ndio umezima? Kumtuma peke yake ni kosa hata kama ana ndevu. OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wapo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Wawe wawili kila safari ya usiku, yeyote atakayekuwa zamu. Mkataba wako una fungu la mtu wa pili?

*Mkandarasi, Uyole:* Hauna. Nikiliweka, mwenzangu wa Mwanjelwa anashusha bei anabeba zabuni.

*Mzee wa Saiti, Tukuyu:* Hilo kweli. Tunauana kwa bei.

*Mleta mada:* Basi mwenye mnara aliweke kwenye zabuni kama sharti kwa wote, pasiwe na wa kushusha. Wa Songwe, Njombe na Makete, mikataba yenu inasemaje kuhusu mtu wa pili? Leteni hapa, majina ya kampuni muyafiche.