Mjadala: Je, Lamu na Nairobi zastahili kura sawa katika Seneti ya Kenya?

Mlipaushuru: Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 143,920 Lamu, ilhali kila kaunti kati ya hizo humchagua seneta mmoja tu. Kwa hesabu hiyo, Mlamu mmoja ana uzito wa Wanairobi thelathini. Napendekeza angalau sehemu ya viti 47 vya kaunti igawanywe kwa kufuata idadi ya watu. Na tukiwa tumeshika kalamu, tuvifute pia vile viti 20 vya maseneta maalum wanaoteuliwa na vyama, ambao kwangu mimi ni abiria wasiolipa nauli.

Nahodha Mstaafu: Bwana Mlipaushuru, mimi ni mmoja wa hao 143,920, na sijawahi kuamka nikajihisi nina uzito wa watu thelathini. Idadi ya watu ina nyumba yake, nayo ni Bunge la Taifa, ambako Nairobi ina maeneobunge 17 na Lamu mawili. Mwaka 2020, mfumo wa kugawia kaunti mapato ulipokwama katika Seneti kwa majuma mengi, tuliimbiwa wimbo wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani fedha zifuate idadi ya watu. Laiti viti vingekuwa vimegawanywa unavyotaka, kaunti kubwa zingeupitisha asubuhi moja na kwenda kunywa chai.

Binti wa Ugani: Hayo ya Lamu nawaachia wenyewe. Mimi nimekwama kwenye neno “abiria”. Katiba ya 2010 ilitenga nafasi 16 za wanawake, mbili za vijana na mbili za watu wenye ulemavu kwa sababu kila mtu alijua vyama vingewasimamisha akina nani vikiachiwa hiari. Oktoba 2024, Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu wa Rais, alipofikishwa mbele ya Seneti ili abanduliwe, theluthi mbili zilizohitajika zilihesabiwa kwa maseneta wote 67, yaani 45, na hao unaowaita abiria wakapiga kura kama wenzao. Ndugu yangu, abiria gani huyo anayeshika usukani?

Mlipaushuru: Dada, sikuwadharau wanawake, na naomba usinivishe kanzu nisiyoishona. Ninalopinga ni mlango wanaoingilia. Zile nafasi 16 hugawiwa vyama kulingana na idadi ya maseneta vilivyoshinda katika kaunti, si kulingana na kura. Chama kinaweza kushika nafasi ya pili katika kaunti kumi na kisipate hata kiti kimoja maalum. Basi huyo seneta anamwakilisha nani, mwanamke wa kawaida au mwenye chama?

Karani wa Zamani: Nyote mnazungumza kana kwamba kura ya Seneti ni ya aina moja. Jambo likihusu kaunti, likiwemo la kumbandua gavana, Kifungu cha 123 kinahesabu ujumbe wa kaunti, na hoja hupita kwa kura 24 kati ya 47. Maseneta wote walioandikishwa kuwa wapigakura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja, na kiongozi wao ni yule aliyechaguliwa. Kaunti ikiitwa, husimama yeye, huku seneta maalum aliyeketi kando yake akitazama mikono yake mwenyewe. Hata hivyo, kiongozi akiwa safarini anaweza kumteua huyohuyo apige kura kwa niaba ya kaunti.

Binti wa Ugani: Ahsante, Karani. Kwa hiyo abiria huwa dereva siku dereva anapougua.

Nahodha Mstaafu: Ikiwa yupo. Kaunti ambayo hakuna seneta maalum aliyejiandikisha kwake, seneta wake akilazwa hospitalini, itaitwa na kiti kitajibu nini? Wale 20 hawakugawanywa kwa kaunti hata kidogo. Wako popote kadi zao za kura ziliposajiliwa. Bwana Mlipaushuru, ukizishika tena hesabu zako, anzia hapo kabla ya kurudi Lamu.

Mlipaushuru: Nitaanzia hapo, mzee. Lakini thelathini kwa mmoja bado sijaimeza.