Mrejesho: mahali tulipofunga ving'ora vya nyumba ya Kigamboni

Nawashukuru nyote mliojibu swali langu kuhusu iwapo king'ora kimoja cha kuzuia wizi kingetosha, na kama kikae darini au ukutani. Kazi imekamilika, nasi tumefunga viwili.

Cha nje kipo chini ya upenu wa mbele, pasipofikika bila ngazi, kikielekea barabarani na kwa majirani. Waya wake umepenya ukuta nyuma ya boksi lenyewe, hivyo hakuna kipande kinachoonekana cha kukatwa. Ndani ya boksi kuna betri yake pamoja na swichi ndogo ya springi inayoachia mara kifuniko kinapofunguliwa au boksi linapobanduliwa, na king'ora kikalia hata umeme ukiwa umekatika. Kwa sababu ya upepo wa chumvi, nilisisitiza skrubu zisizoshika kutu.

Wazo la darini nililiacha, kwa kuwa dari ya jipsamu na bati vingemeza sauti, ambayo tayari hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: king'ora cha desibeli 110 kwa mita 1 hubaki na kama 90 kwa mita 10, kabla hata ya kukutana na ukuta wa jirani.

Cha ndani kiko koridoni, mbali na paneli ya kuendeshea mfumo, ili mwizi anayefuata kelele asiifikie. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitakachomtimua, maana kelele ile kati ya kuta mbili haivumiliki. Vyote hujizima baada ya dakika 10, kwa heshima ya majirani, ingawa siku ya majaribio aliyelalamika zaidi alikuwa mbwa wa nyumba ya pili.