Redio za lugha ya mama: tuzifunge au tuzitumie?

Wadau, kila uchaguzi wa Kenya ukikaribia hoja hii hurudi: redio za lugha ya mama zinachochea ukabila, serikali izifunge. Wanaosema hivyo wana sababu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizoua watu 1,133, ilizinyoshea kidole baadhi yake. Na RTLM, redio ya Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, tunaijua, ilikuwa ikitaja hewani majina ya watu wa kuuawa.

Mimi napinga kuzifunga. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo mubashara. Ghasia hazikukoma: siku mbili baadaye kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa moto na watu wakiwa ndani.

Tazameni Rwanda hiyohiyo. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio wa Kinyarwanda, Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mzima: vingine vilisikiliza mchezo huo, vingine mchezo wa mambo ya afya. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mwenendo wao. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio kaseti na kanda. Wale wa afya, wengi wao, walimwachia kiongozi wa mtaa aitunze. Wale wa Musekeweya walibishana, kila mtu akasema lake, wakatafuta namna ya kuitumia kwa pamoja. Katika nchi ambayo mwaka 1994 amri ya mauaji ilitoka juu na wengi wakaitii, watu kubishana hadharani badala ya kumwachia kiongozi si jambo dogo hata kidogo!

Mtaniambia mchezo wa redio haurudishi shamba lililonyang'anywa Bonde la Ufa. Ni kweli. Lakini msikilizaji akipiga simu asubuhi na kusema "madoadoa", yaani watu wa makabila mengine, waondoke, mtangazaji anayeaminika akimbana pale pale amweleze jirani yake kamkosea nini, wanaosikia ni wale wale wanaochochewa, tena kwa lugha yao.

Kinachonitia wasiwasi ni umiliki. Baadhi ya redio hizi ni za wanasiasa. Mtangazaji atambana mpiga simu. Je, atambana mwenye redio akiwa ndiye mgombea? Na vipindi vya upatanisho vilipiwe na nani, ili asiwe na uwezo wa kuvizima wakati wa kampeni?